Tulijaza Mabenchi, Hatukumiliki Hata Moja

Ukitaka kujua lini kibanda cha picha kitajaa kwenye mwalo wa Ziwa Victoria, usiulize siku ya wiki, tazama mwezi. Dagaa huvuliwa giza. Wavuvi huelea na taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za sola, dagaa wakaufuata mwanga na nyavu zikawazunguka. Mwezi ukikua, taa haina tena nguvu ya kuwaita. Ziwa zima lina mwanga, dagaa wanatawanyika, mitumbwi inavutwa mchangani. Kwa siku kadhaa kambi inapumzika. Wanaume wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi inayovuja, wanalala mchana. Jioni wana fedha kidogo ya giza lililopita na hawana pa kwenda. Hapo ndipo mwenye kibanda anapowasha jenereta.

Nimekulia Igogo, hapa Mwanza, na vibanda hivyo ndivyo vilivyonifundisha kutazama. Kile cha mtaani kwetu nakiona hadi leo nikifumba macho. Kuta zilikuwa za mabati yaliyokwisha kutumika kwingine, matundu ya misumari ya zamani yakipitisha vijimiale vya jua mchana. Ndani kulitundikwa turubai jeusi la kuzuia mwanga. Televisheni ya chogo ilikaa juu ya meza iliyozungushiwa nondo isiibwe, deki chini yake, na juu ya deki kitambaa cha kufumwa kama cha sebuleni. Mabenchi yalikuwa ubao mmoja mmoja juu ya vigingi vilivyochimbiwa ardhini, bila pa kuegemea, na ubao wa tatu kutoka mbele ulikuwa na ufa uliobana paja la yeyote aliyekaa bila kujua. Sisi wenyeji tulikaa pembeni ya ufa, mgeni akaachiwa pale pale. Kwa mabenchi yale, jina la kibanda umiza halihitaji maelezo.

Kibanda kile kilidumu miaka mingi. Humo tulishangilia magoli ya timu za Uingereza ambazo hatukujua miji yake iko wapi, tulimlilia steringi aliyepigwa risasi, tuligombana, tulipatana. Kisha Jumamosi moja tukakuta kufuli. Mwenyewe, ambaye sitamtaja, alikuwa amepata mpangaji wa kuhifadhi saruji, mtu wa kulipa kwa mwezi bila kelele za vijana. Televisheni ilikwenda nyumbani kwake, mabenchi yakawa kuni. Tulisimama nje pale kama watu waliofika msibani wakakuta maziko yamekwisha. Hakutudhulumu kitu, kwa sababu hatukuwa na kitu. Tulikuwa tumelipa kiingilio wiki baada ya wiki, na fedha yote ile haikutununulia haki ya kuulizwa hata swali moja.

Tangu siku ile, kila ninapofikiri juu ya historia ya sinema huku kwetu nauliza jambo moja tu: ufunguo ulikuwa kwa nani? Kwa hesabu yangu umepita mikono minne, na katika hiyo minne hakuna mkono wa mtu aliyekaa kwenye benchi.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa wakoloni na washirika wao. Kati ya 1935 na 1937 uliendeshwa mradi wa majaribio ya sinema ya kuelimisha Waafrika, kituo chake kikiwa Vugiri katika milima ya Usambara, kwa fedha zilizotoka kwa sehemu kubwa kwenye mfuko wa Carnegie wa Marekani. Zilipigwa filamu fupi kuhusu kilimo, minyoo ya safura, kodi na kuweka akiba posta, kisha lori lenye projekta na jenereta likazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda kitengo chake cha filamu za makoloni, na magari ya sinema yakaendelea kuzunguka vijijini. Watu walikaa chini wakatazama. Kiingilio hakikuwepo, na kwa kuwa hakikuwepo, hapakuwa na mtu wa kudai picha nyingine. Unafundishwa kuchimba choo, unakwenda kulala.

Mkono wa pili nauheshimu zaidi. Katika makoloni ya Ufaransa huko Afrika Magharibi, biashara ya sinema ilishikwa na makampuni mawili ya nje, COMACICO na SECMA, yaliyoamua picha gani ifike mji gani. Kwetu haikuwa hivyo. Kumbi za Tanganyika na Zanzibar zilijengwa na familia za hapa hapa, nyingi zenye asili ya Kihindi, watu wenye duka mtaa wa pili na watoto kwenye shule ya jirani. Mjini Zanzibar ukumbi wa Royal ulipoungua mwaka 1954, mwaka uliofuata pakasimama Majestic mahali pale pale. Mwanza nayo ilikuwa na kumbi zake, na jina la Liberty limebaki mtaani mjini kati. Mwenye ukumbi wa namna hiyo alipoleta picha mbovu, aliyasikia maneno yake kesho yake asubuhi dukani. Hakuwa mbali.

Ndani ya kumbi zile mji ulikaa kwa vyeo vyake. Viti vya mbele, pua kwenye pazia, vilikuwa vya bei ya chini, na wenye nazo walikaa roshani. Lakini wote waliingia mlango mmoja na kulia kwa jambo moja. Watu wasiojua neno la Kihindi walitoka kwenye picha za Kihindi wakiimba nyimbo nzima. Katika miji ya pwani yalikuwepo maonyesho ya wanawake peke yao, mama na binti na shangazi wakajaza ukumbi mchana kweupe. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo tulilolipoteza bila hata kulisikitikia.

Mkono wa tatu ulikuwa wa Serikali, na hapa nataka kuandika kwa uangalifu, maana wengi hufika hapa wakaanza kurusha mawe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968. Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Utwaaji wa Majengo: majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakawa ya umma chini ya Msajili wa Majengo. Majumba ya sinema yalikumbwa nayo. Uingizaji na usambazaji wa filamu nao ukaangukia kwenye kampuni ile ya umma. Nia haikuwa mbaya. Jumba kubwa katikati ya mji, lililojengwa kwa senti za watazamaji, kwa nini libaki la familia moja?

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kudhani kwamba mali ya umma na mali yetu ni kitu kimoja. Mali ya umma ni ya kila Mtanzania, wa Mtwara na wa Mwanza sawasawa, na kwa hiyo anayeisemea ni ofisi. Mali yetu ni ya watu wanaojuana kwa majina, ambao paa likivuja linawavujia wao. Baada ya 1971 aliyejenga ukumbi aligeuka mpangaji ndani ya jengo alilolijenga. Bati likitoboka, kwa nini atumie fedha yake kuziba nyumba ya Msajili? Na Msajili, mwenye majengo nchi nzima, atajua lini kwamba safu ya saba kutoka nyuma inalowa masika? Mtazamaji wa safu ya saba alilijua hilo vizuri kabisa, ila yeye hakuwa na pa kulipeleka. Alihama kiti. Baadaye akahama ukumbi.

Yaliyofuata yanajulikana. Miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, filamu mpya zikawa adimu vile vile, kanda za video zikaanza kuingia majumbani kwa wenye uwezo, na mwaka 1994 televisheni ikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Mwaka 1990 Msajili wa Majengo aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Majumba mengi ya sinema nchini yakageuka maghala, maduka, makanisa. Sina ugomvi na kanisa. Ninachosema ni kwamba hakuna mahali watazamaji walipoitwa kikao wakaulizwa.

Ndipo ukaja mkono wa nne, wa kibanda. Na kibanda, pamoja na ufa wa benchi la tatu, kilifanya kazi ambayo hakuna shirika lililoifanya. Kilileta picha hadi Igoma, hadi Mabatini, hadi visiwani Ukerewe, hadi kwenye mialo ambako nguzo ya umeme haijafika. Na kilizaa sanaa. Mtu alichukua filamu ya Marekani au ya Hong Kong, akakaa na kipaza sauti, akaisimulia upya kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho: akawapa wahusika majina ya Kibongo, akaeleza kwa nini adui ana hasira, akaongeza methali mahali ambapo mwandishi wa kwanza aliacha kimya. Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na watu walichagua kanda kwa sauti yake kuliko kwa sura ya steringi. Ng'ambo ya ziwa Uganda wanao wa kwao, wanaosimulia kwa Kiganda, na kwenye mialo ya mpakani mtu husikia lugha zote mbili usiku mmoja. Anayesema Mwafrika hupokea tu picha za wengine, hakuwahi kukaa na watu wanaomsikiliza Lufufu.

Lakini nani hakuwemo kibandani? Hesabu vichwa usiku wowote wa mechi. Wanaume, vijana, wavulana ambao wangepaswa kuwa wamelala. Wanawake wako nje, wanauza mihogo, chai, dagaa wa kukaanga, wanasikia makelele ya goli na hawajui nani kafunga. Hawajafukuzwa na mtu. Ni sehemu yenyewe: mlango mmoja mwembamba, giza, moshi wa sigara, choo hakuna. Bibi zao wa pwani waliketi roshani wakatazama picha saa tatu nzima, wao leo wanatazama mgongo wa bati. Mwenye kibanda halazimiki kulirekebisha hilo, maana mabenchi yake yanajaa hivyo hivyo. Kikao cha wamiliki ambacho nusu yao ni wanawake kingelazimika kuchimba choo kabla ya kununua spika.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisikubali kwamba suala hili ni la starehe tu. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa filamu kuhusu Mwanza, sangara, ndege za mizigo na umaskini wa mwaloni. Nje inaitwa Darwin's Nightmare. Kwetu ikapata jina la filamu ya mapanki, yale mabaki ya sangara yenye kichwa na mifupa baada ya minofu kutolewa. Ilishinda tuzo ya César huko Ufaransa na mwaka 2006 ikateuliwa kuwania Oscar. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na hapa Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Nilikuwa katika ubishi mwingi wa siku zile, kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, na nakumbuka jinsi hoja zilivyokwama mahali pamoja: wewe umeiona? Mimi sijaiona, ila nimesikia. Paris walikuwa wameiona. Vienna walikuwa wameiona. Mtu wa Kirumba anayejua bei ya mapanki kwa kidole, anayejua ndege inatua na nini na inaondoka na nini au anayejua kwamba hajui, huyo alikuwa akisimuliwa. Mji wetu ulihukumiwa kwenye pazia la wengine, na sisi hatukuwa na pazia la kuitandaza hiyo filamu tukaijibu hoja kwa hoja, hapa ilisema kweli, hapa imetuonea. Maandamano ni jibu la mtu asiye na ukumbi.

Wenzangu wengi huniambia muda wa ukumbi umepita, kila mtu ana simu. Wangekuwa sahihi kama watu wangekuwa wanatafuta picha peke yake. Lakini tazama usiku wa Simba na Yanga. Nyumbani kwa mtu king'amuzi kipo, televisheni ya bapa ipo, na mwenyewe amevaa jezi yake ameelekea kibandani, kulipa, kubanwa, kukaa kwenye ubao. Anafuata ubishi. Simu haina mtu wa kukubishia pale pale, wala haina anayekushika bega goli likiingia. Dagaa hawavuliwi na mtumbwi mmoja wenye mtu mmoja, na kucheka nako kuna namna isiyowezekana ukiwa peke yako.

Mfano wa mji uliokataa kubaki bila ukumbi upo, nitautaja kwa kifupi. Campbeltown ni mji wa bandari Uskoti, wakazi wake hawafiki 5,000. Ukumbi wake wa sinema ulifunguliwa mwaka 1913, ukafungwa mwaka 1986 kama kumbi nyingi za miji midogo ya Ulaya. Wakazi wakaunda kampuni ya jamii, wakauchukua, na mwaka 1989 ukafunguliwa tena. Baadaye walichangisha fedha, wakaukarabati upya, na Desemba 2017 taa zikazimwa na picha ikaanza. Wamepitia video, televisheni, satelaiti na intaneti. Mji usiofika watu 5,000! Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za mji wetu, kwa pamoja, kwa sensa ya 2022, zina zaidi ya watu milioni 1.

Ila sipendi kuhubiri kwa mfano wa Uskoti, kwa sababu Kanda ya Ziwa haihitaji kufundishwa na mtu yeyote namna ya kumiliki kitu pamoja. Huku ndiko ushirika ulikokuwa na misuli. Na ulianza na kitu kidogo mno: mizani. Wakulima wa pamba wa Usukumani walichoka kupunjwa kwenye upimaji, wakaweka wapimaji wao wenyewe, watu wa kupima pamba ya mkulima kabla haijafika kwa mnunuzi, ili mkulima aende akijua uzito wake. Kutoka kwenye mizani ile, chini ya Paul Bomani na wenzake, vikaota vyama vya msingi kijiji kwa kijiji, na mwaka 1955 kikasimama chama kikuu cha Victoria Federation, ambacho baadaye kiligeuka Nyanza. Kilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Wakulima ambao wengi hawakuwa wamekwenda shule walimiliki viwanda vya kuchambua pamba. Na mimi niambiwe hawawezi kumiliki projekta?

Hata kabla ya pamba tulikuwa na ukumbi, ila haukuwa na kuta. Ni uwanja wa mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yaliyogawana Usukuma tangu karne ya 19, hushindana mavuno yakiisha. Timu mbili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja na ngoma zake na dawa zake. Jaji ni umati. Watu husogea kule kunakovutia, wakirudi huku, wakienda kule, na timu yenye watu wengi mbele yake ndiyo imeshinda. Nenda Bujora, nje kidogo ya mji, siku za Bulabo, sikukuu ya ngoma ya mwezi Juni, ukaone mwenyewe: bibi wa miaka 70 anaamua mshindi kwa miguu yake miwili. Kwa mbina mtazamaji ana kura. Kwenye sinema yetu, tangu lori la ukoloni hadi kibanda cha jana, amekuwa na tiketi tu.

Sasa, mtu mwaminifu hawezi kuutaja ushirika wa Nyanza akaishia kwenye sifa. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini. Mkulima aliyechangia kwa kila kilo ya pamba aliamka akaambiwa chama chake hakipo, mali iko kwenye mamlaka. Vilirudishwa miaka ya 1980 kwa sheria mpya, lakini chama kinachoondolewa kwa tamko na kurudishwa kwa tamko, mwanachama wake anakuwa ameshajifunza nani mwenye chama. Madeni, mali kuuzwa, viongozi wasioitisha mkutano, yote hayo yaliota kwenye udongo huo. Ninaposoma habari za 1976 nakumbuka kufuli la Jumamosi ile mtaani kwetu. Kwa mwenye kibanda tulikuwa hatuna cheti. Wakulima walikuwa nacho cheti, na kufuli likawafungia nje vile vile. Kwa hiyo hisa peke yake haitoshi, lazima iwe ndogo kiasi cha mwanachama kumwona mwenyekiti kila siku akipita.

Ndiyo maana sitetei jumba kubwa mjini kati lenye viti vya sponji na mgeni rasmi. Natetea ukumbi wa kata, au wa mwalo mmoja. Piga hesabu hii ya mfano: watu 300, kila mmoja hisa moja ya shilingi 20,000, analipa 2,000 kwa mwezi kwa miezi 10. Ni shilingi milioni 6. Hiyo haijengi jengo, lakini inaweza kuanzisha kazi: projekta iliyotumika, spika, sola na betri, mabenchi yenye pa kuegemea. Kiwanja kinaweza kutoka kwenye serikali ya mtaa au karibu na ofisi ya BMU, vikundi vile vya wavuvi vinavyosimamia mwalo, ambavyo tayari vina mkutano, katibu na daftari. Halmashauri zina mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Nimeona vikundi vikikopa kwa ajili ya bodaboda na vyerehani. Kikundi cha kukopa kwa ajili ya ukumbi bado sijakiona.

Vikwazo vipo na havifai kufichwa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, inataka sehemu ya kuonyeshea filamu iwe na kibali, na filamu yenyewe ipite Bodi ya Filamu. Vibanda vingi vimeishi kwa kujificha. Chama chenye jina na daftari hakiwezi kujificha, na ni vizuri kisijifiche. Tena lazima kilipe haki za filamu. Hapo wengine huona mzigo. Mimi naona soko. Wasanii wa filamu zetu wamelia kwa miaka juu ya kanda zao kudurufiwa na kuuzwa kama karanga barabarani, na ni kweli, lakini waliuza sokoni mle mle kwa sababu dirisha la tiketi halikuwepo. Mwigizaji Steven Kanumba alitoka Shinyanga, mwendo wa saa chache kutoka hapa. Alipofariki Aprili 2012 nchi nzima ililia. Fikiria kama Kanda ya Ziwa ingekuwa na kumbi 20 za watu, kila moja ikimlipa mtayarishaji sehemu ya kiingilio usiku huo huo, kijana wa Misungwi mwenye kamera angekuwa na sababu ya kubaki Misungwi.

Jambo moja tu ndilo lisilo na mjadala: kura. Mwenye hisa 50 na mwenye hisa moja wawe na kura moja moja. Hiyo ni kanuni ya ushirika duniani kote, na hapa ina kazi maalumu, kwa sababu kila mwalo una tajiri wake mwenye mitumbwi 10 na injini, mtu mwema pengine, ambaye atajitolea kununua projekta yote peke yake. Akubaliwe kama mwanachama, projekta yake ikataliwe. Mwaka wa pili atapata mpangaji wa saruji.

Nililizungumza hili Kayenze, jioni ya mbalamwezi, mitumbwi imepangwa mchangani na nyavu zimeanikwa. Walikuwepo wavuvi saba au wanane na mama mmoja aliyekuwa akikaanga mihogo pembeni. Nilieleza hisa, nikaeleza sola, nikaeleza kibali. Walinisikiliza kwa heshima. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu, uzi ukiwa kati ya kidole gumba cha mguu na mkono, hakuuliza bei wala picha gani.

"Bwana mwandishi, ufunguo atakaa nao nani?"

Nikaanza kumweleza habari ya katibu na mweka hazina. Mama wa mihogo alinikatisha bila kugeuka, mwiko bado umo kwenye mafuta.

"Kwenye kikoba chetu cha kuweka akiba sanduku lina makufuli matatu, kaka. Funguo wanakaa nazo watu watatu, na hao watatu wasiwe ndugu. Mlango nao uwe hivyo hivyo."

Mzee akavuta uzi, akafunga fundo, akalikata kwa meno.

"Na mmoja wao akiwa ziwani?"

"Mwezi ukiwaka haendi."